Muda wa ziada uliopitishwa ofisini haumsaidii mwanafunzi mwenye ulemavu usipofika kwenye chumba cha mtihani

#1 – Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu kutoka Dodoma. Mitihani ya mwisho wa muhula imekaribia, na kama ilivyo kila muhula, simu yangu imeanza kuita. Mwanafunzi asiyeona anauliza ni nani atakayemwandalia karatasi ya nukta nundu (breli), yaani maandishi yanayosomwa kwa vidole. Mwingine mwenye uoni hafifu ameambiwa aje na lenzi yake mwenyewe. Wa tatu anatumia kiti cha magurudumu na ratiba imempangia chumba kilichoko ghorofa ya pili katika jengo lisilo na lifti. Nimeona niyaandike ninayoyajua mahali pamoja, ili asaidike hata yule ambaye hatanipata kwa simu.

Mimi mwenyewe nina ualbino, na uoni wangu ni hafifu tangu kuzaliwa. Nilisoma shahada ya kwanza katika chuo kimoja cha mkoa huu. Mtihani wangu wa kwanza wa chuo niliuingia nikiwa na amani, kwa sababu wiki tatu kabla yake nilikuwa nimekubaliwa kwa barua nyongeza ya nusu saa pamoja na karatasi ya maswali yenye maandishi makubwa. Chumbani nilipewa karatasi ya kawaida. Nilipomweleza msimamizi, alinisikiliza kwa heshima, akapekua bahasha yake mara mbili, kisha akasema hana maelekezo yoyote yanayonihusu na hawezi kunipa muda kwa maneno yangu matupu. Saa ilipotimia alichukua kijitabu changu nikiwa katikati ya swali la nne. Somo lile nililielewa kuliko masomo yote ya muhula huo, na ndilo nililolifanyia sapu, yaani mtihani wa marudio.

Baadaye nilikuja kujua kwamba barua yangu ilikuwa salama kabisa, ndani ya faili langu, kwenye kabati la ofisi iliyoisaini. Hakuna aliyeninyima haki kwa nia mbaya. Ofisi iliidhinisha ikaona wajibu wake umekwisha, na msimamizi alifuata kanuni za chumba kama alivyopaswa. Lakini kati ya meza yenye muhuri na mlango wa chumba cha mtihani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekabidhiwa kazi ya kuifikisha ile karatasi. Nimekwisha kuwasindikiza wanafunzi wengi tangu wakati huo, na ninaweza kusema bila kusita kwamba maombi yanayokataliwa ni machache kuliko yanayokubaliwa kisha yakapotelea njiani.

Wengi wetu tunaingia chuoni bila kulitambua hilo kwa sababu ya mazoea ya sekondari. Katika mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani la Tanzania ndilo linaloandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na nyongeza ya muda kwa watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu imo katika utaratibu wake: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mkuu wa shule anawasilisha mahitaji yako mapema, nawe unayakuta mezani siku ya mtihani. Chuo kikuu hakina mlezi wa namna hiyo. Kila chuo hutunga mitihani yake, huisimamia na kuisahihisha chenyewe kwa kanuni zilizopitishwa na Seneti yake, yaani chombo chake kikuu cha taaluma, na mara nyingi mwenye karatasi ya maswali ni mhadhiri wa somo husika. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye masomo sita ana watungaji sita ambao taarifa zake zinapaswa kuwafikia, na huenda hakuna hata mmoja wao anayefahamu kwamba mwenzake amekwisha kuzipata.

Haki yenyewe haina utata. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inagusa haki ya kujipatia elimu. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja elimu ya juu waziwazi katika ibara ya 24 na kuzitaka nchi zihakikishe kuna marekebisho stahiki kwa mwanafunzi anayeyahitaji. Ibara ya 2 ya mkataba huohuo inahesabu kunyimwa marekebisho hayo kuwa ni aina ya ubaguzi. Ninawashauri wanafunzi wayataje haya mara moja tu, kwa adabu, kisha waende kwenye mahitaji. Nimesoma barua zenye kurasa mbili za sheria na nusu mstari wa mahitaji, na afisa aliyezipokea hakujua siku ya mtihani afanye nini.

Sasa nieleze namna ninavyowaelekeza wanaonijia. Barua iandikwe katika wiki ya pili au ya tatu ya muhula, wala isisubiri ratiba ya mitihani itoke, kwa sababu katika vyuo vingi alama 40 kati ya 100 zinatokana na kazi na majaribio ya muhula, na aliyenyimwa muda kwenye jaribio la wiki ya sita amekwisha kupoteza alama kabla ya mtihani wenyewe. Uthibitisho wa daktari usiwe kikwazo: kama uliomba mkopo wa elimu ya juu na fomu yako ya ulemavu ikasainiwa na Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya, toa nakala ya fomu hiyohiyo uiambatanishe. Barua iende kwa mkuu wa idara kupitia kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na pale ambapo kitengo hakipo ipitie kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa afisa mitihani. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Ndani ya barua usiishie kusema “naomba nisaidiwe”. Sema unachohitaji kwa kipimo. Mwenye uoni hafifu, kwa mfano, aseme kwamba anahitaji maswali yachapishwe kwa maandishi ya ukubwa wa 20 kutoka kwenye faili la kompyuta. Nalisisitiza hili kwa kuwa ofisi nyingi hudhani kukuza karatasi ya A4 kwa fotokopi hadi A3 kunatosha. Ukuzaji huo huongeza herufi kwa takribani mara 1.4 tu, hivyo herufi ya 12 inakuwa kama ya 17, kingo zake zinafifia, na karatasi yenyewe haienei kwenye vile viti vyenye kibao cha kuandikia ambavyo ndivyo tulivyonavyo katika kumbi nyingi. Wenzangu wenye ualbino waongeze sentensi moja kuhusu mahali pa kukaa. Jua la Dodoma la saa nne asubuhi likipiga kwenye dirisha lisilo na pazia, karatasi nyeupe inakuwa kama kioo, na nusu saa uliyoongezewa yote inaishia kwenye kufumba na kufumbua macho.

Kwa asiyeona, jambo la kwanza ni kuamua atasoma na kujibu kwa njia gani, kwa sababu kila njia ina maandalizi yake. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida huweza kuwa kurasa mbili au tatu za nukta nundu, na mtaalamu wa kuzichapa lazima aupate mtihani siku kadhaa kabla. Anayejibu kwa mashine ya Perkins, ile ya kuchapia nukta nundu, anahitaji chumba chake, maana mlio wa mashine ile utawasumbua wengine, na baada ya mtihani lazima awepo mtu wa kuyahamishia majibu yake kwenye maandishi ya kawaida ili mhadhiri ayasahihishe. Anayetumia kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, kama JAWS au NVDA ambayo inapatikana bure, anahitaji faili la maswali lililochapwa, kwa sababu picha iliyopigwa kwa skana haisomeki kwa uhakika na programu hizo. Anahitaji pia kompyuta iliyokaguliwa na betri iliyojaa. Umeme ukikatika, saa ya mtihani isimame mpaka urejee, na hilo liandikwe kwenye barua tangu mwanzo, kwa sababu siku yenyewe hakuna atakayekuwa na mamlaka ya kuliamua.

Mwisho wa sehemu hii ni ile hatua niliyoikosa mimi. Wiki moja kabla ya mtihani nenda kwa afisa mitihani, umwombe kwa upole aandike maelekezo yako kwenye karatasi inayowekwa ndani ya bahasha ya msimamizi wa chumba chako, somo kwa somo. Kisha siku yenyewe uwe na nakala yenye muhuri mfukoni, ufike nusu saa kabla, umwonyeshe msimamizi kabla bahasha haijafunguliwa. Ukimwambia mtihani ukiwa umeanza, unamweka katika wakati mgumu mbele ya watahiniwa mia mbili.

#2 – Mchangiaji, mzazi

Dada mleta uzi, ubarikiwe kwa andiko hili. Binti yangu ni kiziwi na ameanza astashahada mwaka huu katika chuo kimoja hapa mjini. Anaona vizuri, anaandika vizuri, na chuo kimeniambia kwamba kwa kuwa mtihani ni wa kuandika hahitaji chochote. Je, ni kweli?

#3 – Mleta uzi

Mama, shikamoo, na ahsante kwa swali hili, kwa sababu viziwi ndio wanaosahaulika zaidi kwa hoja hiyohiyo uliyopewa.

Fikiria yanayosemwa kwa mdomo ndani ya chumba cha mtihani. Msimamizi anatangaza kwamba swali la tatu kipengele cha pili lina kosa na tarakimu ibadilishwe. Anatangaza kwamba zimebaki dakika 30. Anaruhusu watahiniwa waulize. Binti yako hayasikii hayo. Nilikutana na kijana kiziwi aliyehangaika saa nzima na hesabu isiyo na jibu, wakati wenzake wote walikuwa wamekwisha kuambiwa tarakimu sahihi. Omba mambo mawili: mkalimani wa Lugha ya Alama awepo mwanzoni na wakati wote wa mtihani, na kila tangazo liandikwe ubaoni. La pili halina gharama yoyote, na hata chuo kisicho na mkalimani kinaweza kulianza kesho.

Jambo jingine ni lugha. Lugha ya Alama ina sarufi yake, tofauti na ya Kiswahili na ya Kiingereza, kwa hiyo binti yako anapojibu kwa Kiingereza anaandika katika lugha ambayo hajawahi kuisikia ikizungumzwa. Muda wa ziada unamhusu, na ni haki kuomba msahihishaji apime maarifa ya somo bila kumkata alama kwa mpangilio wa sentensi, isipokuwa pale ambapo somo lenyewe ni la lugha. Kama chuo hakina mkalimani, wasiliana na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA; wao wanawafahamu wakalimani waliofunzwa. Tafadhali usikubali mwanafunzi mwenzake “anayejua alama kidogo” apewe kazi hiyo.

#4 – Mchangiaji, mhadhiri

Nimesoma kwa makini. Ninafundisha chuo kikuu na nimesimamia mitihani kwa miaka mingi. Nakiri kwamba mara nyingi taarifa hutufikia asubuhi ya mtihani, na nukta nundu haziwezi kuandaliwa kwa saa moja. Hata hivyo nina maswali mawili ambayo ninayauliza kwa nia njema. La kwanza: karatasi ya mtihani ni siri, na kumpa mchapaji wa nukta nundu siku kadhaa kabla ni kuongeza mikono inayoishika. La pili: tukimwongezea mmoja muda na mwingine tukampa mtu wa kumwandikia, tunawezaje kumhakikishia mwajiri kwamba shahada zao zina uzito uleule?

#5 – Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Ninashukuru umeuliza hadharani, kwa sababu wengi wanalifikiria hili kimoyomoyo na kuliamua bila kutusikia.

Kuhusu siri, mchapaji wa nukta nundu aingizwe katika utaratibu uleule unaomhusu anayechapisha na kufungasha karatasi zenu: asaini kiapo cha usiri, afanyie kazi ndani ya ofisi ya mitihani, na asitoke na nakala. Baraza la Mitihani limekuwa likiandaa nukta nundu kwa mitihani ya taifa yenye siri kubwa kuliko ya idara moja. Jambo hili linawezekana likipangwa.

Kuhusu uzito wa shahada, nakuomba uanze na swali hili kwa kila mtihani unaoutunga: ninataka kupima nini? Katika mtihani wa Sheria ya Mikataba unapima kama mwanafunzi anaelewa mkataba unavyofungwa na unavyovunjika. Hupimi kasi ya macho yake wala wepesi wa kidole chake. Anayesoma kwa vidole au kwa lenzi, neno baada ya neno, atatumia muda mwingi kwenye kusoma kabla hajaanza kufikiri, na nyongeza inamrudishia kile ambacho wenzake walikuwa nacho tangu mwanzo. Nchini Uingereza, kwa mfano, nyongeza ya robo ya muda imezoeleka kwa miaka mingi kwa watahiniwa wanaothibitishwa kuihitaji, na vyeti vyao havibebi alama yoyote ya kuwatofautisha.

Nakubaliana nawe, hata hivyo, kwamba si kila ombi linafaa kila mahali. Kama mtihani ni wa tahajia, mwandishi akimwandikia mwanafunzi maneno bila kutajiwa herufi moja moja, kinachopimwa kimepotea. Kama ni mafunzo ya vitendo ambayo ustadi wa mkono ndiyo taaluma yenyewe, hapo panahitaji mazungumzo ya kweli kati ya idara na mwanafunzi mwanzoni mwa mwaka, wala pasipitishwe kwa huruma. Ninachokipinga ni uamuzi huo kufanywa na mtu mmoja mlangoni, akiwa na saa mkononi.

Niongeze jambo la ratiba ambalo liko mikononi mwenu kabisa. Mtihani wa saa tatu unaoanza saa 2 asubuhi unaisha saa 5. Kwa mwenye nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa unaisha saa 6, na kwa mwenye nyongeza ya nusu ya muda unaisha saa 6 na nusu. Akipangiwa mtihani mwingine saa 8 mchana katika ndaki (kitengo cha masomo cha chuo) iliyoko upande wa pili wa mlima, ambako hata asiye na ulemavu anasubiri usafiri, hatapata chakula wala pumziko. Mtihani mmoja kwa siku, pale inapowezekana, una thamani kuliko dakika nyingi za nyongeza.

#6 – Mchangiaji

Nami nichangie kidogo kuhusu waandishi. Nimewahi kumwandikia mtihani mwanafunzi aliyepooza mikono, na hakuna aliyenielekeza chochote. Alikuwa akitaja jibu ambalo niliona lina kosa, nikabaki nimeshika kalamu bila kujua nifanye nini. Niliandika kama alivyosema, lakini nilitoka pale moyo ukiniuma, na hadi leo sijui kama nilifanya sawasawa.

#7 – Mleta uzi

Ulifanya sawasawa kabisa, ndugu yangu. Mwandishi huandika kilichotajwa, kama kilivyotajwa, na husoma tena akiombwa. Hasahihishi, hapendekezi, wala habadilishi uso akisikia kosa. Ndiyo maana inafaa asiwe mtu wa kozi hiyo, na yeye na mwanafunzi wapewe nafasi ya kufanya mazoezi angalau mara moja kabla, ili wazoeane kwa kasi na matamshi. Ni jambo la kusikitisha kwamba vyuo vinampa mtu jukumu zito namna hii bila hata ukurasa mmoja wa maelekezo. Ukipata nafasi, iandikie ofisi ya mitihani yale uliyokutana nayo. Ushuhuda wako utasikika kuliko wangu.

#8 – Mchangiaji, mwanafunzi

Habari za humu. Mimi nina kifafa na ninatumia dawa. Muhula uliopita nilianguka katikati ya mtihani, nikapelekwa zahanati, na nikahesabiwa kuwa nimekusanya karatasi. Kwa kunitazama hakuna anayejua kama nina tatizo, na sijawahi kumwambia mtu chuoni kwa sababu naogopa kunyanyapaliwa. Mitihani yangu inaanza baada ya siku kumi na moja. Je, nimechelewa?

#9 – Mleta uzi

Mdogo wangu, pole sana kwa yaliyokupata. Hujachelewa, ila usiache wiki hii ipite.

Kwanza ondoa hofu ya kutangazwa. Barua inayokwenda kwa msimamizi haipaswi kutaja ugonjwa wako hata kidogo. Inataja mahitaji peke yake: akae karibu na mlango, aruhusiwe kuwa na maji na dawa zake, na akilazimika kupumzika, saa yake isimamishwe na muda huo arudishiwe. Jina la ugonjwa linabaki kwa daktari na kwa ofisi moja inayotunza faili. Utaratibu huohuo unawafaa wenye selimundu, wenye kisukari wanaohitaji kupima sukari na kula kitu katikati, wanaotibiwa matatizo ya afya ya akili, na hata aliyevunjika mkono kwa ajali ya bodaboda wiki mbili kabla ya mtihani.

Kesho asubuhi nenda kliniki unakochukulia dawa, ukiwa na kadi yako, uombe barua fupi ya daktari inayosema kwamba una hali ya kudumu inayoweza kukatiza mtihani ghafla. Ukiipata, peleka siku hiyohiyo kwa Mshauri wa Wanafunzi pamoja na ombi lako la maandishi, na umwombe azungumze na afisa mitihani kwa simu ukiwa palepale, kwa sababu kwa siku zilizobaki barua ikitembea kwa njia ya kawaida itafika ukiwa umemaliza. Katika ombi hilohilo ongeza aya inayoeleza tukio la muhula uliopita, tarehe yake na zahanati uliyopelekwa, na uombe mtihani ule uchukuliwe kuwa uliahirishwa kwa ugonjwa. Sikuahidi kwamba watakubali, lakini kumbukumbu za zahanati zipo na kanuni za vyuo vingi zina kifungu cha kuahirisha kwa sababu za kiafya.

Andika ombi leo usiku. Kama utapenda nilipitie kabla hujalipeleka, nitumie kwa ujumbe wa faragha bila jina la chuo wala namba yako ya usajili. Niko macho mpaka saa tano.